Taa Nyekundu za Merle Sondergaard

Merle Sondergaard alikuwa na mdomo, na mdomo ndio uliompeleka bungeni. Msinielewe vibaya, hakuwa mtu wa matusi wala fitina. Alikuwa dalali wa mnada wa ng'ombe pale Oslund, na dalali asiye na mdomo afadhali akafuge kuku. Mwakilishi wetu wa zamani alipofariki ghafla, wakubwa wa chama walikaa mkahawani, wakaagiza pai, wakatazamana.

"Tumpe Merle," akasema mmoja. "Angalau akihutubia hatutasinzia."

Wakacheka, wakampa. Mwaka huo binti yake wa mwisho ndiyo kwanza anaanza shule. Sasa binti huyo ana watoto wake mwenyewe, na Merle bado alikuwa anakalia kiti kile kile kwenye Baraza la Wawakilishi la jimbo, safu ya nyuma, karibu na mlango wa kuendea kahawa.

Mtu akikwambia kwamba miaka yote hiyo Merle hakufanya la maana, mwulize nani alileta sheria ya taa za nyuma za matrekta. Ni yeye. Lakini ukweli nao usemwe: ukilitaja jina la Merle kwenye jengo la bunge, hakuna aliyewaza matrekta. Watu walikuwa wanatabasamu kabla hujamaliza, kwa sababu Merle ndiye aliyekuwa mwenye ule utani wa muswada wa kwanza.

Utani wenyewe ulikuwa hivi. Mwakilishi mpya akileta muswada wake wa kwanza, kwanza anaulizwa maswali ya kipuuzi mpaka muda wake wa kuzungumza unakwisha. Halafu kura ikiitishwa, wote wanabonyeza nyekundu. Ule ubao mkubwa ulio juu ya kiti cha Spika, wenye majina ya wawakilishi wote na taa pembeni ya kila jina, unawaka nyekundu kutoka juu mpaka chini. Mgeni wa watu anatoa macho, jasho linamtoka, wengine wamewahi kulia. Wakishatosheka, Merle anainua kikombe chake cha kahawa, kile kikubwa cha bati cha mnadani. Hiyo ndiyo ishara. Wote wanabadilisha kuwa kijani, Spika anafunga kura, watu wanapiga makofi, na mgeni si mgeni tena. Hata yeye Merle alifanyiwa hivyo siku zake, na hakuna aliyewahi kufa kwa utani huo.

Sasa, mwaka huu ninaousimulia, Merle alikuwa ameshatangaza kwamba hagombei tena. Magoti yalikuwa yamechoka, na mkewe, Ardis, alikuwa amechoka kulala peke yake kila bunge linapokutana. Na mwaka huo huo akaja Corinne Brekke.

Corinne alikuwa mwalimu wa hesabu wa sekondari kule Dunmire, kaunti ya ng'ambo ya mto wetu, na pia alikuwa mmoja wa wale wanaojitolea kuhudumu kwenye ambulensi. Ila ambulensi yenyewe haikuwepo tena. Hospitali ya Dunmire ilifungwa msimu wa mavuno na gari likaondoka nayo. Oslund tulikuwa na gari letu, unaliona kabisa kutoka ng'ambo, jeupe, limekaa gereji. Lakini sheria ya zamani, ya enzi ambazo kila kaunti ilikuwa na hospitali yake, ilikuwa inasema gari la kaunti moja lisivuke mpaka wa kaunti nyingine. Na mpaka uko wapi? Katikati ya daraja!

Basi watu wa Dunmire wakawa wanafanya walivyoweza. Mgonjwa analazwa nyuma ya pikapu ya shambani, anafunikwa mablanketi, anakimbizwa mpaka katikati ya daraja. Ambulensi ya Oslund inakuja kwa upande wetu, inasimama kwenye mstari. Hapo mgonjwa anapokezanwa kama gunia la viazi, upepo wa Januari unawapiga usoni. Corinne mwenyewe aliwahi kushika upande mmoja wa machela siku alipopitishwa mzee Holte, daraja lote barafu, na nusura wamwangushe.

Muswada wake wa kwanza ulikuwa mfupi, hauzidi ukurasa mmoja: kaunti jirani ziruhusiwe kutumia ambulensi pamoja. Basi. Usipopita, bunge letu halikutani tena mpaka baada ya miaka miwili, na miaka miwili kwetu ni majira mawili ya baridi pale darajani. Hayo Merle aliyajua vizuri. Aliutaka muswada ule upite kuliko wowote, kwa hiyo hata hakuwaza kwamba unaweza kuanguka. Alichowaza ni utani.

Asubuhi ya kura, Corinne alisimama na karatasi zake mkononi. Hakufika mbali.

"Mheshimiwa," akasema Merle, ameinuka na sura ya msiba, "ambulensi hiyo itabeba na ndama?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Mwingine akauliza kama king'ora kitaimba nyimbo za kanisani. Mwingine akataka kujua kama mgonjwa akivuka daraja anabadilisha chama. Corinne alijibu kila swali kwa adabu, kama alivyozoea darasani, na kila alipotaka kurudi kwenye hoja yake, mwingine alikuwa ameshasimama. Muda wake ukaisha.

Kura ikaitishwa. Nyekundu, nyekundu, nyekundu, mpaka chini. Merle aliutazama ubao akaridhika. Akanyoosha mkono kuchukua kikombe.

Sasa sikilizeni. Spika wetu, Bi Phyllis Aune, aliujua mchezo huo kama anavyojua jina lake. Lakini siku hiyo jino lilikuwa limemvimbisha shavu, yuko kwa daktari, na kwenye kiti alikaa Naibu wake, Grant Pettibone, wakili, mtu wa saa na kanuni. Bunge lilipokutana mara ya mwisho, kila muswada wa kwanza ulipopigiwa kura, yeye alikuwa nje kwenye simu. Merle alidhani Spika amemwambia. Spika, na shavu lake, alidhani Merle amemwambia.

Pettibone aliangalia ubao. Akaona wote wameshapiga kura. Akasema, "Kura imefungwa," akagonga nyundo. "Muswada umeanguka."

Kikombe cha Merle kilikuwa bado hakijafika kidevuni.

Kicheko kilikatika. Mtu mmoja tu mbele kule aliendelea kucheka kidogo, akageuka, akanyamaza. Merle aliruka juu. "Mheshimiwa Naibu! Bado! Tulikuwa tunabadilisha!"

"Mheshimiwa, kura imefungwa."

"Ni utani, bwana!"

Pettibone akakunja uso. "Kwenye kanuni hakuna utani."

Corinne alikuwa amekaa viti viwili mbele yake. Aligeuka taratibu. Hakulia, na Merle alitamani angalau angelia.

"Mzee Merle," akasema, "utani umekwisha?"

"Umekwisha, binti yangu."

"Basi wabadilishe taa."

Merle alitoka kitini. Mdomo ule ule uliouza ng'ombe wa kaunti tatu ukaenda kumbembeleza karani afungue kitabu cha kanuni.

Kulikuwa na mlango mmoja tu. Aliyepiga kura upande ulioshinda anaweza kuomba muswada urudishwe, mara moja tu, kabla ya kikao cha kesho yake kufungwa. Na kwa vile kesho ilikuwa siku ya mwisho ya miswada kuvuka kwenda Seneti, muswada uliorudishwa ulihitaji theluthi mbili. Kura sitini na mbili. Merle alijipa moyo. Ukumbi mzima ulikuwa unatania, sivyo? Basi ukumbi mzima utabadilika.

Akamkuta Lowell Stuhr kwenye ujia, anavaa koti. Lowell ni mkulima wa viazi-sukari kaskazini mwa kaunti yetu hiyo hiyo ya Oslund, mtu wa maneno machache na kichwa kigumu, na wawakilishi wote wa kaskazini humtazama yeye kwanza ndipo wabonyeze.

"Lowell, kesho narudisha muswada wa Corinne. Tuko pamoja."

"Hatuko pamoja."

"Acha utani, bwana."

"Mwenye utani ni wewe," akasema Lowell, anafunga vifungo vya koti. "Taa yangu ilikuwa nyekundu ya kweli. Nisingeibadilisha hata ungeinua pipa zima la kahawa."

Merle akacheka, kisha akaona Lowell hacheki.

"Tuna gari moja, Merle. Moja! Likiwa ng'ambo linahangaika na watu wa Dunmire, mama yangu akianguka bafuni nimpigie nani? Wiki nzima nimekuwa nikijiuliza nitapigaje nyekundu peke yangu mbele ya yule mwalimu. Amewafundisha wapwa zangu, mtu mwema. Wewe ukanifunika blanketi. Ahsante sana."

Akaenda zake. Merle alibaki amesimama kwenye ujia, na kwa mara ya kwanza aliona haya hasa, haya ya kweli inayochoma masikio. Kumbe katika nyekundu zile kulikuwa na nyekundu zenyewe, na yeye ndiye aliyezificha.

Simu ikalia. Ardis.

"Umeua muswada, Merle."

"Si mimi, ni Naibu ndiye—"

"Merle."

"Ni mimi."

"Tulikuwa mkahawani wote tunatazama kwenye televisheni. Akina mama wa Dunmire walivuka na keki, unasikia? Keki! Bernice Holte amekaa hapa mbele yangu, ambaye mumewe alipitishwa darajani siku ya barafu. Nimwambie nini?"

"Mwambie kesho."

"Kesho nini?"

"Mwambie tu kesho, mke wangu."

"Ukirudi bila huo muswada, mzee wangu, utalala mnadani na ng'ombe wako."

Mchana kutwa Merle alizunguka meza kwa meza, ofisi kwa ofisi. Na hapo ndipo alipoonja matunda ya kazi yake ya miaka yote. Kila alipofungua mlango, mtu alianza kutabasamu.

"Ehe, Merle! Leo umekuja na kipi?"

"Nimekuja na jambo zito."

"Hahaa! Jambo zito! Njoni msikie, Merle ana jambo zito!"

Mmoja alimpapasa mifuko akitafuta alipoficha kitu. Mwanamama wa kamati ya barabara alisubiri mpaka mwisho wa maelezo yake yote, kisha akauliza, "Sasa kichekesho kiko wapi?" Ilimbidi arudie mara mbili, mara tatu, kofia mkononi, mpaka watu wakaona macho yake, wakaacha kucheka. Wengi waliahidi. Lakini alipojumlisha kichwani, bila watu wa kaskazini hazitoshi. Yote yalirudi kwa Lowell.

Akampigia Corinne simu. Alitegemea kufokewa, na alikuwa tayari.

"Mzee Merle," akasema Corinne, "mimi nimekasirika, sikufichi. Lakini hasira yangu nimeiweka kiporo. Niitie huyo Lowell. Nataka tu nimalize sentensi zangu."

Asubuhi yake walikutana kwenye mgahawa wa chini ya jengo la bunge, nje theluji inapeperuka. Lowell alikubali kuja kwa sharti moja: "Merle akitia neno hata moja, naondoka." Corinne naye alikuwa na lake. Alinyoosha mkono, akachukua kile kikombe cha bati, akakitia kwenye mkoba wake.

"Hiki nakaa nacho mimi," akasema.

Merle akakunja midomo akakaa. Ukitaka kumtesa dalali, mketishe mbele ya watu wawili wanaobishana na umkataze kusema.

"Mheshimiwa Lowell," akaanza Corinne, "ambulensi ya Oslund, siku ya Jumanne mchana, huwa wapi?"

"Kazini. Ikihitajika inatoka."

"Inatoka na nani?"

Lowell alikuwa na yai kwenye uma. Likasimama njiani. "Na wenyewe. Wale wa kujitolea."

"Mmoja ni fundi umeme, kutwa nzima yuko kazini mjini Garrity. Mwingine amehamia kwa mwanawe. Wale wanandoa wa duka la mbegu wanapatikana jioni tu. Mama yako akianguka Jumanne mchana, watapiga simu shamba kwa shamba mpaka wapate mtu wa kushuka kwenye trekta. Mimi na wewe shida yetu ni moja. Sisi hatuna, ninyi mnalo limelala."

Lowell akamgeukia Merle. "Kweli hayo?"

Merle akaitikia kwa kichwa.

"Sema basi!"

Merle akanyooshea mdomo wake kidole.

"Ebo! Nimekuruhusu, sema!"

"Kweli," akasema Merle, akafunga tena.

"Sisi ng'ambo watu tunao," akaendelea Corinne. "Hospitali ilipofungwa, waliokuwa wauguzi na madereva hawakuyeyuka. Wako nyumbani, wamesomea kazi hiyo, mikono inawawasha. Sheria hii hairuhusu tu gari livuke kuja kwetu, inaturuhusu na sisi tuvuke tuje kukaa zamu kwenye gereji yenu. Jumanne mchana, Alhamisi mchana, siku zote ambazo kwenu hakuna mtu. Mama yako atakuja kuchukuliwa na watu wa Dunmire, mheshimiwa. Mimi mwenyewe nimejiweka Jumanne za likizo."

Lowell aliweka uma chini. Alionekana amekasirika, lakini haikujulikana amemkasirikia nani.

"Kwa nini hukuyasema haya jana ukumbini?"

"Niliulizwa kama ambulensi itabeba ndama."

"Nani mpuuzi aliuliza hivyo?"

Merle akainua mkono, taratibu, kama mtoto wa shule.

 Lowell akasimama, akavaa koti lake, akaacha mayai yake nusu. "Nitafikiri," akasema, akaenda.

"Amekubali?" akauliza Corinne.

"Sijui," akasema Merle. "Mtu akikaa mnadani uso mkavu hivyo, ama ananunua, ama anatoka kwenda kujisaidia."

Corinne alijitahidi asicheke. Alishindwa kidogo.

Kikao kilipoanza, Bi Phyllis Aune alikuwa amerudi kwenye kiti chake, shavu moja kubwa kuliko jingine, na habari zote alikuwa nazo. Merle aliposimama kuomba muswada urudishwe, ukumbi ulianza kucheka kabla hajatamka kitu. Alisubiri. Akaendelea kusubiri. Kicheko kikapungua, kikawa kikohozi, kikaisha.

"Jana nilikosea," akasema Merle. "Nilimnyima mwenzetu muda wake. Naomba arudishiwe."

Akakaa. Watu walitazamana, hawakuamini kwamba amemaliza. Ilikuwa hotuba yake fupi kuliko zote.

Wakamkubalia kwa sauti moja, hata Pettibone aliitikia. Corinne akasimama. Safari hii hakuna aliyeuliza la ndama. Alieleza habari za daraja, na gereji, na Jumanne mchana. Alieleza machela ilivyoteleza mikononi siku ya mzee Holte. Alipokaa, mabomba ya joto yalisikika yakigonga ukutani.

"Pigeni kura," akasema Spika.

Merle alibonyeza bila kutazama kitufe, kwa sababu macho yote yalikuwa juu kwenye ubao. Taa zikaanza kuwaka. Kijani. Kijani. Nyekundu moja, mbili, watu wa kaskazini. Jina la Lowell lilikuwa giza. Merle alimtafuta kwa macho: kakaa, kakunja mikono kifuani, anautazama ubao kama anayeudai deni.

"Jamani, Lowell," Merle alisema kwa sauti ya chini. "Jamani, ndugu yangu."

Lowell alikunjua mkono mmoja. Taa yake ikawaka.

Kijani!

Nyuma yake wenzake watatu wa kaskazini wakabadilisha, mmoja baada ya mwingine, wengine wakabaki na nyekundu zao. Idadi chini ya ubao ikapanda: hamsini na nane, sitini, sitini na moja. Ikasimama.

Sitini na moja.  Kuna mtu mmoja! Katika wote waliomwahidi jana, mmoja kamgeuka! Merle aliusoma ubao jina kwa jina, damu inamchemka, anatafuta nyekundu isiyostahili kuwa pale. Yule wa kamati ya barabara? Kijani. Yule aliyempapasa mifuko? Kijani. Ni nani basi huyu mnafiki, huyu asiye na haya?

"Mara ya kwanza," akasema Spika.

Watu wakaguna. Hayo si maneno ya bungeni, ni ya mnadani. Bi Phyllis alikuwa ameshika nyundo hewani, na anamtazama Merle moja kwa moja, shavu lake limevimba na jicho linacheka.

"Mheshimiwa Spika, subiri!" akalia Merle. "Kuna mtu amekosea!"

"Naona," akasema Spika. "Na leo sina haraka. Mara ya pili."

Kicheko kilianzia mbele, kikaja nyuma safu kwa safu. Merle aligeuka huku na huku hajui wanacheka nini. Corinne alikuwa amesimama, amemgeukia, amenyoosha kidole kuelekea ubaoni.

"Mzee Merle! Soma jina lako!"

Akasoma. Sondergaard. Nyekundu.

Miaka yote ile, kila muswada wa kwanza, kidole chake kilikuwa kinakwenda kwenye nyekundu kwanza. Na leo, macho yakiwa kwa Lowell na moyo ukiwa darajani, kidole kilikwenda nyumbani kwa mazoea. Merle alipiga kelele kama aliyekanyaga kaa la moto, akakiangukia kitufe cha kijani kwa viganja vyote viwili.

Sitini na mbili.

Nyundo ikagonga. Kelele iliyolipuka pale hata kwenye Seneti waliisikia. Corinne alitoa kikombe cha bati kwenye mkoba wake, akakiinua juu ya kichwa chake, na ukumbi mzima ukasimama, Pettibone akiwa wa mwisho lakini akasimama. Merle hakuweza kusimama. Alikuwa ameshika uso, machozi yanapita katikati ya vidole, anacheka na kulia kwa pamoja.

Lowell alipita nyuma yake akielekea kwenye kahawa. Akamgusa bega. "Mimi angalau taa yangu huwa naijua iko wapi," akasema.

Seneti walipitisha bila matatizo na gavana akatia saini kabla mashamba hayajakauka vya kutosha kulimwa. Merle alirudi nyumbani kabisa. Kiti chake kilichukuliwa na mtu mwingine, na nasikia utani bado upo, ila sasa aliye mpya humaliza kwanza kuzungumza, na kabla ya taa nyekundu lazima mtu apande kumnong'oneza anayekalia kiti. Kikombe kilibaki kwa Corinne. Merle alikiomba mara moja, akaambiwa aende akanunue kingine.

Theluji ya kwanza ya mwaka ule ilianguka siku ya Jumanne. Mchana tulikuwa mkahawani, Merle na Ardis kwenye meza ya dirishani, Bernice Holte amevuka kuja kununua nyuzi za sufu na sasa anamalizia supu yake nao. Simu ya gereji ililia, tukaisikia kupitia ukuta. Muda si mrefu king'ora kikatoka kuelekea mtoni.

Mkahawa wote tulitega masikio. Tulikuwa tumezoea: king'ora kinafika darajani, kinakatika katikati, halafu kimya kirefu watu wakipokezana mgonjwa kwenye upepo. Merle alikuwa na uma mkononi na kipande cha pai kimemfia mdomoni. King'ora kikafika darajani. Kikafika katikati. Kikaendelea, kikapungua, kikawa chembamba upande wa Dunmire, mpaka hatukukisikia tena.

Bernice aliweka kijiko chini.

"Haijasimama," akasema.

Merle akafuta macho kwa mkono wa shati. Ardis akamsogezea leso, kisha akamalizia pai yake mwenyewe.